Kusambaza wafanyakazi viwandani: mwajiri ni nani, na mishahara italipwa kwa fedha ya nani?

Swali: Nimekuwa msimamizi wa vibarua katika ghala moja la Dar es Salaam kwa miaka kadhaa. Meneja wa kiwanda kimoja cha Mkuranga ameniahidi kwamba nikifungua kampuni yangu, atanipa kazi ya kumletea wafanyakazi 60 wa kufungasha na kupakia bidhaa. Akiba yangu ni shilingi milioni 14. Naomba kufahamu vibali ninavyohitaji, asilimia ninayopaswa kutoza, kama ninaruhusiwa kuwatoza waombaji ada ya fomu kama wanavyofanya wengine, na kama baadaye kampuni hiyohiyo inaweza kupeleka watu Oman.

Jibu: Ndugu muulizaji, wengi wanaoniandikia kuhusu biashara hii hawana mteja wala watu, nawe tayari una vyote viwili, kwa hiyo nitapita haraka katika namna ya kuvitafuta. Tatizo lako liko kwingine. Wafanyakazi 60 watataka mshahara wao tarehe ya mwisho wa mwezi, ilhali kiwanda kitakulipa siku 30, 45 au hata 60 baada ya kupokea ankara yako, na katika pengo hilo atakayekuwa anakigharimia kiwanda ni wewe. Kampuni nyingi za aina hii hufa zikiwa na kazi tele na wateja wazuri, kwa sababu hii moja. Hata hivyo, kabla ya kuhesabu fedha, liko jambo la kisheria ambalo ndilo linaloamua sura nzima ya biashara yako.

Yale ambayo watu huyaita kwa jumla kusambaza wafanyakazi ni biashara mbili tofauti. Ya kwanza ni uwakala wa ajira: kiwanda kinakueleza mahitaji yake, unatafuta watu, unawachuja na kuwapeleka, kiwanda kinawaajiri chenyewe na kukulipa ada yako, kisha kazi yako inaishia hapo. Ya pili ni kuwaajiri watu wewe mwenyewe, ukawalipa mshahara na michango yao yote, halafu ukatekeleza kazi fulani ndani ya eneo la kiwanda kwa mkataba wa huduma. Katika ya kwanza huhitaji mtaji mkubwa na huna deni kwa mfanyakazi. Katika ya pili wewe ndiye mwajiri, pamoja na mzigo wote ambao sheria inamtwisha mwajiri.

Tanzania Bara uwakala wa ajira unasimamiwa na Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na leseni yake hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kwa muda mrefu mawakala waliichanganya biashara ya kwanza na ya pili: waliwaandikisha watu kama waajiriwa wao, wakawakodisha kwa benki, kampuni za simu, migodi na viwanda, na mfanyakazi akakaa mezani pa mteja kwa miaka mingi akilipwa pungufu ya mwenzake aliyeketi naye ubavuni. Malalamiko yalipozidi, mwaka 2014 Serikali ilizuia utaratibu huo, na Kanuni za Mawakala Binafsi wa Huduma za Ajira za mwaka huohuo zikamtaka wakala abaki kuwa wakala, yaani aunganishe watu na waajiri bila kujifanya mwajiri wa wale anaowapeleka. Baadaye Kanuni za Jumla za Ajira na Mahusiano Kazini za mwaka 2017, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 47, zilitambua kuwa kampuni inaweza kuitolea kampuni nyingine huduma kwa kutumia wafanyakazi wake, mradi mpango huo usiwe njia ya kukwepa sheria za kazi na haki za wafanyakazi zilindwe.

Maana yake kwako ni kwamba huwezi kumkabidhi meneja majina 60, ukamwacha awapange, awaamrishe na kuwafukuza apendavyo, kisha ukaendelea kuitwa mwajiri wao kwa sababu tu wewe ndiye unayegawa bahasha za mshahara. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaeleza dalili zinazomfanya mtu achukuliwe kuwa mwajiriwa wa mwingine: namna anavyofanya kazi na saa zake zinadhibitiwa na huyo mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, au anatumia vifaa vyake. Pakitokea mgogoro mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, dalili hizi zina uzito kuliko kichwa cha mkataba wenu, na huenda wewe na kiwanda mkajikuta mnajibu madai pamoja.

Kwa kazi uliyoielezea, ushauri wangu ni kwamba uingie kama mtoa huduma ya ufungashaji na upakiaji, wala si kama msambazaji wa vichwa. Mkataba utaje kazi yenyewe, kwa mfano kufungasha idadi fulani ya katoni kwa shifti na kupakia magari yatakayofika. Uweke mnyapara wako mwenyewe ambaye ndiye atakayepokea maelekezo ya kiwanda na kuyafikisha kwa watu. Vifaa kinga viwe vyako. Na nidhamu ya watu ibaki mikononi mwako. Ikiwa meneja atakataa sharti hilo na kusisitiza kwamba anataka watu tu, basi muuzie huduma ya uwakala: omba leseni, mtafutie watu, awaajiri yeye, akulipe ada. Faida yake ni ndogo, lakini utalala usingizi.

Kuhusu vibali sitakuchosha. Sajili kampuni yenye dhima ya ukomo BRELA, yaani wakala wa usajili wa kampuni, wala usianze na jina la biashara tu, kwa sababu jina la biashara halitenganishi madeni ya kazi na nyumba yako. Pata namba ya mlipakodi TRA na leseni ya biashara. Jisajili kama mwajiri NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na eneo la kazi lisajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Leseni ya Kamishna wa Kazi inahitajika pale unapofanya uwakala wa ajira. Jambo ambalo wengi hulisahau ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: utakuwa na namba za NIDA, akaunti za benki na pengine taarifa za afya za watu wengi, hivyo unatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitunza taarifa hizo ipasavyo. Ukiombwa walinzi, usikubali kwa kibali hichohicho, kwani kampuni za ulinzi zina utaratibu wao unaopitia Jeshi la Polisi.

Mikataba ya wafanyakazi inahitaji uangalifu zaidi kuliko vibali. Katika maghala tumezoea neno kibarua, na watu huamini kwamba mtu anayelipwa kwa siku hana haki yoyote ila ya siku hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuandikwa hivyo. Inatambua mkataba usio na muda maalumu, mkataba wa kazi maalumu, na mkataba wa muda maalumu, ambao kwa miaka mingi uliruhusiwa kwa wataalamu na viongozi wa menejimenti pekee. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika Februari 2025 yamelegeza kidogo, yakaruhusu muda maalumu kwa watu wengine pale penye sababu inayoeleweka, kama kazi ya msimu, mradi wenye mwisho unaojulikana, au ongezeko la kazi lisilotarajiwa kuzidi miezi 12. Ufungashaji wa kila siku wa kiwanda kinachozalisha mwaka mzima si kazi ya msimu. Kwa hiyo usimpe mtu mkataba wa miezi mitatu ukaufufua mara kumi na mbili ukidhani umejikinga. Atakapoachishwa atakuwa na hoja nzuri kwamba alikuwa mwajiriwa wa kudumu. Andika mikataba isiyo na muda maalumu yenye kipindi cha majaribio, au mkataba wa kazi maalumu pale ambapo kweli kazi ina mwisho wake. Hakikisha pia umri wa kila mtu kwa kitambulisho, maana aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa kiwandani.

Sasa tuje kwenye bei. Umeniuliza utoze asilimia ngapi, na nakisia umesikia asilimia 10 ya mshahara, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana mitaani. Tuikokotoe. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba kila mmoja wa watu 60 atalipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mishahara ni 18,000,000. Mchango wa mwajiri NSSF ni asilimia 10, yaani 1,800,000. Mfuko wa Fidia ni asilimia 0.5, yaani 90,000. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Tukiikokotoa kwa asilimia 3.5, kiwango kilichowekwa Julai 2023, inakuja 630,000. Umefika 20,520,000 kabla hujanunua hata jozi moja ya buti. Ukiwa umetoza mshahara na asilimia 10 juu yake, utapokea 19,800,000. Kila mwezi utakuwa unatoa 720,000 mfukoni mwako ili kukifanyia kiwanda kazi.

Na hapo bado. Kila mfanyakazi ana likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, na akiwa likizoni utamlipa yeye na aliyeshika nafasi yake. Ukiitenga mwezi kwa mwezi ni takribani 1,380,000. Mtu aliyemaliza miezi 12 akiachishwa kazi bila kosa lake anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Kwa watu 60 kiasi hicho ni karibu 404,000 kwa mwezi. Vifaa kinga, tukiweka shilingi 60,000 kwa mtu kwa mwaka, ni 300,000 kwa mwezi. Mnyapara na michango yake tumwekee 600,000. Gharama halisi inafikia 23,204,000. Juu ya hiyo ndipo inapokuja ada yako. Tuseme asilimia 8, yaani 1,856,000, ambayo ndiyo italipa ofisi, mhasibu, nauli, simu na faida. Ankara inakuwa 25,060,000 kabla ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Hiyo ni karibu asilimia 39 juu ya mshahara, na meneja akishtuka mwonyeshe mchanganuo huu mstari kwa mstari, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti hiyo angeilipa hata kama angewaajiri watu hao yeye mwenyewe. Akisema yupo mtu anayekubali asilimia 10, mwombe nakala za risiti za NSSF za mtu huyo.

Mshahara wenyewe hauwi chini ya Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya sekta husika, nayo hubadilika katikati ya mikataba. Amri ya 2013 ilikaa karibu miaka kumi, ikaja nyingine iliyoanza Januari 2023, kisha nyingine iliyoanza tarehe 1 Januari 2026 na kupandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Aliyesaini mwaka 2025 mkataba wa miaka miwili wa bei isiyobadilika, huku akilipa kima cha chini kabisa, alijikuta analibeba ongezeko hilo peke yake. Weka kifungu kinachosema kwamba mshahara wa kisheria, mchango au tozo yoyote ikibadilishwa na Serikali, bei nayo inabadilika siku hiyohiyo.

Kodi zina mitego miwili ambayo wahasibu wa kampuni changa huigundua wakiwa wameshachelewa. Wa kwanza ni VAT. Ukomo wa kujisajili ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na ankara ya 25,060,000 kila mwezi inakupeleka zaidi ya milioni 300, kwa hiyo unaingia tangu mwanzo. Kwa kila ankara utaongeza asilimia 18, takribani 4,510,000, na TRA wataidai ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, iwe kiwanda kimekulipa au hakijakulipa. Wa pili ni kodi ya zuio. Anayelipia huduma kwa mkazi hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA kwa jina lako. Akiikata kwenye ankara nzima pamoja na mishahara, atakata 1,253,000 kutoka kwa mtu ambaye ada yake yote ni 1,856,000. Fedha hiyo haijapotea, kwani unaitoa kwenye kodi yako ya mapato ya mwaka, lakini faida yako ni ndogo kiasi kwamba kodi yako ya mwaka haitafikia kiasi kilichokatwa, na kurudishiwa kilichozidi huchukua muda. Ndiyo maana mkataba na ankara vinapaswa kutenganisha waziwazi mishahara na michango upande mmoja, na ada ya huduma upande mwingine. Kaa na mhasibu wa kiwanda kabla ya kusaini, mkubaliane kwa maandishi zuio litakatwa kwenye nini, na uwaandikie TRA kuomba msimamo wao kuhusu muundo wa ankara yako. Utakapokaguliwa, barua yao ndiyo itakayokutetea.

Turudi kwenye mtaji. Tuseme mnaanza tarehe 1 Januari. Tarehe 31 unalipa mishahara. Orodha za mahudhurio zinasainiwa, ankara inakwenda tarehe 5 Februari, na siku 30 zinaishia karibu na tarehe 7 Machi. Kabla haijafika, mishahara ya Februari imeshalipwa. Unahitaji basi mishahara ya miezi miwili pamoja na michango na mnyapara, yaani 42,240,000, na vifaa kinga vya kuanzia 3,600,000; karibu milioni 46. Kiwanda kikichelewa hadi Aprili, jambo ambalo ni la kawaida na wala si la uhasama, utahitaji mishahara ya miezi mitatu na VAT ya ankara ambayo hujalipwa. Hapo unagonga milioni 71. Wewe una milioni 14.

Hesabu hiyo isikufanye ukatae kazi. Inakuelekeza namna ya kuijadili. Liko pendekezo ambalo wamiliki wengi wa viwanda hulikubali wakielezwa vizuri: kiwanda kiweke fedha za mishahara na michango katika akaunti yako kabla ya tarehe 25 ya kila mwezi, na ada yako pekee ndiyo isubiri siku 30. Meneja hana hasara, kwa kuwa kama watu wangekuwa wake angewalipa siku hiyohiyo. Akikubali, milioni 14 zako zinatosha kabisa kwa watu 60. Akikataa, anza na watu 15. Kwa hesabu ileile, mishahara na michango yao ni kama 5,130,000 kwa mwezi. Miezi miwili ni 10,260,000, vifaa kinga 900,000, na kiasi kisichofika milioni 3 kinabaki kwa usajili na dharura, mradi wewe mwenyewe ndiye uwe mnyapara. Kwa ukubwa huo mauzo yako ya mwaka yatakuwa karibu milioni 75, hivyo VAT haikuhusu bado. Usikope kwa riba ya mwezi kwa mwezi ili kulipa mishahara. Riba ya mikopo ya mtaani inaizidi ada yako yote. Benki kadhaa hukopesha kwa dhamana ya ankara iliyokubaliwa na mteja, lakini hutaka kwanza kuona historia ya malipo, na historia hiyo utaijenga kwa watu 15.

Katika mkataba na kiwanda, mbali na bei, kifungu ninachokigombania kuliko vyote ni cha notisi ya kuvunja mkataba. Mfanyakazi wa mwezi anakudai notisi ya siku 28, na kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi kunadai taarifa na mashauriano kabla ya uamuzi. Kiwanda kikiweza kukuondoa kwa notisi ya siku 7, tofauti ya siku zote zilizobaki utailipa wewe, kwa watu ambao hawana tena mahali pa kufanyia kazi. Dai siku 60, na iandikwe kwamba kiwanda kikisitisha kazi kabla ya hapo, kitabeba notisi na viinua mgongo. Kingine ni mfanyakazi wako kuchukuliwa na kiwanda. Usimfunge mfanyakazi asipande. Kitoze kiwanda ada ya kumhamisha, kwa kiwango mlichokubaliana mapema.

Saa za kazi nazo ziangalie kabla hujakubali ratiba. Viwanda vingi hupenda shifti mbili za saa 12. Kawaida ya kisheria ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Mtu anayefanya saa 12 kwa siku sita anafikisha saa 72 kwa wiki, ambazo zinaleta saa 108 za ziada katika wiki nne, zaidi ya mara mbili ya ukomo, hata tukiacha nafasi ya mapumziko ya chakula. Mgeni katika biashara hii hukubali kwa kuwa ratiba imetoka kwa mteja, lakini mkaguzi wa kazi atamuuliza mwajiri, na mwajiri ni wewe. Pendekeza shifti tatu. Palipo na saa za ziada halali, malipo ni mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Sikukuu ya umma ni mara mbili. Viwango hivi viwe kwenye jedwali la bei, kwa sababu kiwanda kikikulipa saa ya ziada kama saa ya kawaida, tofauti itatoka kwenye ada yako.

Katika uendeshaji wa kila siku nitakumbusha mambo machache, maana mengine unayajua kunishinda. Karatasi ya mahudhurio isainiwe na mtu wa kiwanda kila siku, si mwisho wa mwezi, kwani nusu ya mabishano ya ankara huanzia hapo. Uwe na majina ya akiba. Kwa nafasi 60, andikisha watu 70 waliokwisha kupimwa na kufundishwa usalama, hasa kwa ajili ya Jumatatu inayofuata mshahara. Lipa kwa benki au kwa simu na utoe hati ya mshahara inayoonyesha makato yote. Ajali ikitokea, itoe taarifa Mfuko wa Fidia mara moja, hata kama kidole kimechubuka tu na mwenyewe anasema hakuna shida.

Kuhusu ada ya fomu, jibu langu ni hapana. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unakataza mawakala kumtoza mfanyakazi ada kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka, na kanuni za 2014 zilifuata msimamo huo. Najua vishoka wanaouza fomu za shilingi 10,000 kwa mamia ya vijana huku kazi zikiwa ishirini, na baadhi yao wamejenga nyumba kwa fomu hizo. Huo ni uuzaji wa fomu. Hata ukiweka sheria pembeni, kijana aliyenunua fomu atadhani ameinunua nafasi yenyewe, na hutaweza kumwondoa kwa utovu wa nidhamu bila kudaiwa fedha zake mbele ya wenzake. Vivyo hivyo usimkate fedha ya buti na ovaroli. Vifaa kinga ni wajibu wa mwajiri, na ndiyo maana tumeviweka kwenye bei.

Oman iache kwanza. Kupeleka watu nje ya nchi ni uwakala wenye masharti yake, mikataba inayopaswa kupitia kwa Kamishna wa Kazi na ubalozi, na wajibu usioisha siku ndege inapoondoka, kwa sababu familia ya binti aliyenyimwa mshahara Muscat itakuja kugonga mlango wako, si wa mwajiri wake. Ukitaka kutanuka, mahoteli ya Nungwi na Paje yako karibu zaidi, lakini hata huko leseni na usajili wa Bara haviendi pamoja nawe: masuala ya kazi si ya Muungano, Zanzibar inafuata Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na michango ya uzeeni hupelekwa ZSSF. Kwa sasa mwendee meneja wa Mkuranga ukiwa na mchanganuo wa bei mkononi na ombi la mishahara kuwekwa kabla ya tarehe 25, na jibu lake litakuambia kama unaanza na watu 60 au na 15.